Swali na Jibu: Kumsikiliza baritoni

SWALI: Nikimsikiliza baritoni (mwanamume mwenye sauti ya kati, kati ya nene na nyembamba) akiimba nyimbo za Schubert, mtunzi wa Austria, nasikia sauti nzuri tu, Kijerumani sikijui. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na “Erlkönig” (1815), wimbo wa dakika nne hivi. Maneno yake ni shairi la Goethe, mshairi Mjerumani; soma kwanza tafsiri ya beti zake nane. Mwimbaji mmoja hubeba wahusika wanne: msimulizi, baba, mtoto na mfalme wa mapepo. Baba yuko chini, kifuani; mfalme humbembeleza mtoto kwa sauti laini; mtoto yuko juu, na kila anapolia “Mein Vater” (baba yangu) noti hupanda zaidi. Hapo ndipo baritoni hupimwa: akikaza koo, unasikia jitihada badala ya hofu.

Sikiliza pia konsonanti. Dietrich Fischer-Dieskau, baritoni Mjerumani, alizitamka waziwazi bila kukata mkondo wa wimbo, na ndiyo maana tunampendekeza kwa anayeanza. Mwishoni piano hunyamaza, na maneno “war tot” (mtoto alikuwa amekufa) husemwa karibu bila muziki. Ile “t” ya mwisho isikike.

Usiongeze sauti ya spika sana: minong’ono ya mfalme itapoteza utamu wake wa kutisha.