Maswali yenu kuhusu yule dome mdogo wa rangi

Meseji za wiki hii karibu zote ni za yule dome (mnyama wa bahari, jamaa wa ngisi na pweza) wa kwenye klipu, mwenye zambarau na njano, anayetembea chini badala ya kuogelea. Jina la kitaalamu lililozoeleka ni Metasepia pfefferi. Haya twende.

Hizo rangi huwa anawaka nazo siku nzima?
Hapana, na hapa ndo huwa napandwa na hasira. Watafiti Roger Hanlon na Gwendolyn McManus waliwafuatilia Lembeh, kaskazini mwa Sulawesi huko Indonesia, utafiti ukatoka 2020, wakakuta muda mwingi katulia tu, kafanana na mchanga, humuoni. Anawaka akibughudhiwa, au dume akimtongoza jike. Sasa angalia hizo klipu zenu vizuri, mzamiaji kalala kifudifudi kwenye mchanga mweusi wa volkano, taa mbili na kamera vimemkaba mnyama ambaye mwili wake ni sentimita 6 hivi, kanyanyua mikono juu, mgongo unapiga mawimbi meupe na meusi, halafu nyie mnaandika "jamani anacheza." Anacheza nini, anakwambia toka!

Mafia yupo? Na Lamu?
Hayupo. Hili nishalijibu mara ngapi? Ni wa kaskazini mwa Australia, Papua New Guinea, Indonesia, Ufilipino na Malaysia. Dome wa kwetu ni wengine.

Mwenyewe anaziona rangi zake?
Haoni. Dome hawatofautishi rangi.

Kwa nini anatembea?
Ule mfupa mweupe wa ndani ndo unamsaidia dome kuelea, una vyumba vyumba vya gesi na maji. Huyu wake ni kadogo mno kulinganisha na mwili, akiogelea anachoka haraka, kwa hiyo anatambaa kwa mikono ya chini na mikunjo ya ngozi ya tumboni.

Nina tangi nyumbani, naweza kumfuga?
Una tangi la maji chumvi, au la wale samaki wa mapambo wa maji baridi? Anataka kamba hai kila siku, na maisha yake ni kama mwaka mmoja tu, ukija kumpata kashazeeka. Na wanaouza, muulize kwanza kamtoa wapi.

Analinda mayai kama pweza?
Halindi. Jike anayasukuma moja moja kwenye nyufa au chini ya vifuu vya nazi vilivyozama, meupe mwanzoni, baadaye yanakuwa angavu mpaka unamuona mtoto ndani, na akitoka tu anajitegemea. Ndo maana nasema mkienda kuzamia huko msipindue vifuu ili mpige picha, ukikiacha kimegeuka mayai yanabaki wazi samaki wanajilia.

Analiwa?
Nyama yake inatajwa kuwa na sumu, achana naye. Na wewe uliyeuliza "hata kwa nazi?", ndiyo, hata kwa nazi.