Maswali ya wasomaji: Barometa inapanda, mbona dhoruba haijaisha?

SWALI: Mimi ni baharia, kwetu Tanga. Januari tulikuwa tunavuka Atlantiki Kaskazini kutoka Halifax kwenda Antwerp. Mvua ya mfululizo ilikatika, upepo wa kusini-magharibi ukageuka kuwa wa kaskazini-magharibi, barometa ikaanza kupanda na jua likatoka. Saa mbili baadaye tukapigwa na mvua ya mawe, radi na upepo mkali. Ukakoma, ukarudi, hivyo hivyo mpaka alfajiri. Kwetu radi huja na joto. Hii ya nyuzijoto 4 inatoka wapi?

JIBU: Upepo ulipogeuka, mpaka wa hewa baridi ulikuwa umewapita, na nyuma yake ikaja hewa iliyotoka kwenye barafu ya Kanada. Hewa hiyo ilikuta bahari yenye joto kuliko yenyewe. Hapo ndipo penye kisa chote: inapashwa moto kutoka chini kama maji ya sufuria, na msafara wa joto, ule tuliousoma shuleni pamoja na mpitisho na mnunurisho, unaanza.

Tazama hesabu. Hewa kavu ikipanda kilomita 1 hupoa karibu nyuzi 10. Mvuke wake ukishaanza kugeuka matone ya wingu, unatoa joto, kwa hiyo katika hali ya baridi kama ile hewa hupoa nyuzi 7 hivi tu. Chukua hewa ya nyuzi 4 juu ya sitaha. Ikipanda mita 600 inafika karibu −2, na wingu linaanza. Ikipanda mita 900 zaidi inafika −8. Ikiwa hewa iliyoizunguka pale kwenye mita 1,500 ni −11, hii yetu bado ina joto zaidi, ni nyepesi zaidi, na itaendelea kupanda bila kusukumwa. Hiyo ndiyo hewa isiyotulia. Kwa hiyo usiangalie joto la hewa peke yake. Angalia tofauti kati ya chini na juu.

Radi nayo inahitaji chembe za barafu zigongane ndani ya wingu lenye maji yaliyopoa chini ya sifuri bila kuganda, hasa kwenye −10 hadi −20. Kwenye mkondo wa Pemba hali hiyo iko juu ya kilomita 6. Kule Januari inaanza kilomita moja na nusu au mbili tu, hivyo wingu fupi la kilomita 5 linatosha kupiga radi.

Kuhusu kukoma na kurudi: kwenye picha za setilaiti mawingu hayo hujipanga kama sega la nyuki, kuta za mawingu na katikati peupe. Tundu la kilomita 30 likisafiri kilomita 60 kwa saa linapita kwa nusu saa. Kila upepo ulipokoma, mlikuwa katikati ya tundu.

Upepo wa ghafla unaletwa na mvua yenyewe. Mawe na matone yanaburuta hewa kwenda chini, yanaipoza yanapoyeyuka na kukauka, na yanashuka na upepo wenye nguvu wa juu. Utabiri ukisema kilomita 60 kwa saa, huo ni wastani. Vishindo vyaweza kuzidi kwa asilimia 40, yaani kufika 84.

SWALI: Je, dhoruba hizi ni sawa na kimbunga Hidaya cha Mei 2024?

JIBU: Hapana. Kimbunga cha tropiki hula joto la bahari. Dhoruba za kule chakula chao kikuu ni tofauti ya joto kati ya hewa ya ncha na ya kusini. Joto la bahari huongezea nguvu.

SWALI: Nitajuaje mapema, nikiwa sitahani?

JIBU: Kwa ndoo na vipimajoto viwili. Teka maji upande wa omo, mbele ya matundu yote ya kutolea maji ya meli, maana maji ya mashine yatakudanganya. Koroga, soma ndani ya dakika moja kipimajoto kikiwa bado majini. Ukikitoa, upepo unakipoza. Joto la hewa lipime joshini, kivulini, mbali na mabomba ya moshi. Andika yote mawili kwenye batli kila saa.

Hewa ikiwa na joto kuliko maji, imetulia: tarajia ukungu, kama ule wa karibu na Newfoundland. Maji yakizidi hewa kwa nyuzi 5 au zaidi, na upepo ni wa kaskazini-magharibi, usimruhusu mtu alegeze kamba za mizigo eti barometa imepanda. Ukipata ramani ya utabiri, linganisha joto la bahari na la hewa ya hektopaskali 850 (kipimo cha kanieneo ya hewa), yaani kama mita 1,500 juu. Watabiri wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini hutumia kipimo cha nyuzi 13: tofauti ikifika hapo, mawingu ya manyunyu mazito yanaweza kuinuka.

Kwenye rada, manyunyu hayo huficha meli. Rada ya mawimbi ya sentimita 3 huzibwa haraka. Hamia ya sentimita 10. Kitufe cha kupunguza mvua kizungushe kidogo kidogo, kwa sababu ukikimaliza chote kinafuta na mashua ndogo iliyo mbele yako.