Slaidi ya usoni ikikuchanganya, anza na lenzi ndogo

Jana daktari mmoja kijana kaniandikia, anauliza nilijuaje ile biopsi ya shavuni (kipande cha ngozi kilichokatwa kupimwa kwa hadubini) sio limfoma, yaani saratani ya seli za kinga. Nimefurahi mno kuulizwa, manake siku ile niliambiwa mbele ya watu "wewe unapenda magonjwa ya vitabuni" na mpaka leo hilo neno halijanitoka.

Fomu iliandikwa "uvimbe usoni, limfoma?" basi, na kila aliyeishika slaidi akakimbilia lenzi ya 40, ile inayokuza sana, akakuta seli zimejaa tele akaogopa. Mimi nikaanza na lenzi ya 4, inayoonyesha eneo zima. Chini tu ya epidamisi, tabaka la juu la ngozi, kulikuwa na ukanda mwembamba wa nyuzi za kolajeni usio na seli, msongamano unaanzia chini yake, na hata vinyweleo vimeachiwa nafasi. Hapo hapo nikawaza granuloma fasiale, ugonjwa wa ngozi ya uso usio saratani. Kupanda lenzi, seli za kinga za kila aina: eosinofili kibao na chembe zao nyekundu, nyutrofili, limfosaiti, seli za plazma, na vumbi la viini vilivyopasuka kuzunguka mishipa midogo. Limfoma mara nyingi seli zake zinafanana, huu ulikuwa mchanganyiko kwelikweli! Na jina lisikuzuge, granuloma yenyewe, yaani kifundo cha makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu), humo hamna.

Sikusaini papo hapo lakini. Ukoma wa lepromatasi, aina ya ukoma wenye bakteria wengi, nao unaacha ukanda kama huo, ila wenyewe una makrofaji zenye povu zilizojaa bakteria, kwa hiyo nikaomba rangi ya Fite, inayoonyesha bakteria wa ukoma, haikuonyesha kitu. Nikampigia daktari wa ngozi, akasema ni baka la kahawia-jekundu, limekaa muda mrefu, vinyweleo vimetanuka juu yake. Ndo lenyewe. Ugonjwa usioua, ingawa ni mkaidi kutibika.

Jamani, mtu asianzishiwe safari ya saratani kwa sababu wewe ulikuwa na haraka! Lenzi ndogo kwanza, kila siku, kila slaidi, na pigeni simu, fomu hazisemi kitu. Mkubwa akikucheka, andika ulichokiona kama ulivyokiona.

Na wewe uliyeniandikia, unasema kwenye slaidi yako eosinofili ni chache na nyuzi zimezunguka mishipa kama maganda ya kitunguu. Granuloma fasiale ya siku nyingi huwa hivyo. Ila kabla hujasaini uliza kama mgonjwa ana mabaka mengine kwenye viwiko, magoti au migongo ya mikono, yakiwepo mimi ningewaza kwanza erithema elevatamu diutinamu, ugonjwa wa mishipa midogo ya ngozi unaofanana nayo kwenye slaidi.