Spageti inashikana na nyama inatoa maji

Dadangu, umesema spageti yako hushikana bonge moja na nyama ya kusaga inaishia kuelea kwa maji. Mimi nilipika hivyo mwaka mzima hapa Kisumu nikiwa na meko moja tu. Anza na sosi. Sufuria ipate moto kwanza, weka nyama na uiache itoe maji yote yakauke mpaka usikie ile chwaaa ya kukaanga na iwe kahawia chini, usikimbilie nyanya kabla ya hapo, ndio sasa weka kitunguu, saumu, hoho na nyanya za soko la Kibuye zile zimeiva hadi zinapasuka ukizishika. Funika, moto chini, nusu saa hivi. Epua. Spageti ya gramu 400 inataka maji kama lita 4, yatokote kabisa, chumvi, halafu koroga dakika mbili za kwanza maana hapo ndio hushikana, mafuta usiharibu bure yanaelea tu juu. Kabla ya kumwaga maji chota kikombe kimoja, changanya na sosi na spageti kwa moto kidogo. Dania mwisho.