Kabla Hujanunua Rangi, Soma Chuma: Yaliyonipata na Baiskeli ya Babu

Juzi kijana mmoja wa Umoja alinitumia picha nne za baiskeli nyeusi iliyochakaa, na chini yake ujumbe: "Kaka, shikamoo. Nimeipata baiskeli ya jeshi, aina ya BSA. Mzee aliyeniuzia anasema ni ya vita vya pili. Ijumaa naipeleka ipigwe rangi ya jeshi. Unanishauri kijani kipi?"

Nilimpigia saa ileile, hata salamu yake sikuiitikia vizuri. Nikamwambia asiipeleke popote. Na kwa kuwa najua wako wengine mnaotaka kitu kilekile, kuirudisha baiskeli ya vita ionekane kama ilivyotoka mikononi mwa jeshi, acheni niwaeleze kilichonipata. Nimekaa nacho miaka mitatu bila kukisema.

Babu yangu alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku kwetu. Alipigana Burma na ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akarudi nyumbani mwaka 1946, na muda si mrefu akanunua baiskeli kwenye mnada wa vifaa vya jeshi hapa Nairobi. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe. Alibebea makaa, akabebea maziwa, akambebea bibi siku ya harusi. Alipofariki, baiskeli iliwekwa kwenye stoo ya shangazi huko Dagoretti, ikasahauliwa chini ya magunia. Nilipoitoa nilikuwa na machozi, na nilikuwa na haraka. Haraka ndiyo iliyoniponza.

Nilifanya nini? Niliifungua yote, nikaipeleka kwa fundi wa rangi, akaipiga mchanga hadi chuma kikabaki cheupe, kisha akaipaka rangi ya unga na kuioka. Kijani kizuri, kama cha malori ya kwenye filamu. Usukani niliupeleka ukachovywa kromu, ukang'aa hadi nikajiona uso. Nilizunguka Gikomba wikendi baada ya wikendi nikitafuta vipuri, na kila nilichokiona kizito, chenye kutu na maandishi ya Kiingereza nilikinunua. Ilinichukua miezi saba. Kisha nikaipeleka kwenye maonyesho ya vyombo vya zamani, nikaiegemeza kwenye meza, nikaandika kwenye kadibodi kwa herufi kubwa: BAISKELI YA JESHI, 1943, VIFAA VYOTE ASILI.

Watu walipiga picha. Mzee mmoja mwenye miwani minene hakupiga. Alichuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, akafuta habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa kidole gumba, akaizungusha polepole, akaniita nisogee.

"Kijana, soma hapa."

Nikasoma. AW, halafu 52, halafu 8.

"Hiyo habu ni Sturmey-Archer ya gia tatu. Ilitoka kiwandani Agosti 1952. Vita viliisha lini?"

Hakusema kwa ubaya, lakini alisema kwa sauti, na waliosimama nyuma yangu wakacheka. Nilikunja ile kadibodi nikaitia mfukoni. Naiona hadi leo. Kilichoniuma zaidi ya kicheko ni kwamba herufi zile zilikuwa mbele ya macho yangu miezi saba. Nilizipaka mafuta kwa mkono wangu mwenyewe. Sikuzisoma, kwa sababu nilikwisha amini.

Hilo ndilo ninalotaka likukae: kitu kuwa kikuukuu hakukifanyi kiwe sahihi. Soma kilichoandikwa kwenye chuma kabla hujasikiliza hadithi ya aliyekuuzia, na hata kabla hujasikiliza hadithi ya babu yako.

Sasa unasoma nini? Anza na rangi, maana ndiyo inayopotea kwanza. Usipige mchanga. Chukua msasa laini wenye maji, sugua sehemu ndogo kama sarafu ya shilingi kumi mahali palipofichika, na tabaka zitajitokeza moja nje ya nyingine kama miduara ya mti. Mimi niliikuta ya kwangu kwa bahati tu, chini ya bano la kiti, mahali ambapo mchanga wa fundi haukufika: kahawia. Si kijani! Jeshi la Uingereza, kuanzia karibu mwaka 1942, lilitumia sana kahawia iliyoitwa SCC 2, na mwaka 1944 likahamia kijani cha zeituni, SCC 15. Kile kipande cha kahawia, kisichozidi ukucha, ndicho pekee kilichobaki cha rangi ambayo babu aliikuta baiskeli inayo. Zilizobaki nililipia zipigwe mchanga.

Kromu nayo. Wakati wa vita kromu na nikeli zilibanwa kwa ajili ya mambo mengine, kwa hiyo usukani, krenki na hata rimu za baiskeli zilipakwa rangi tu. Ukiona baiskeli ya vita inang'aa kila mahali, uliza maswali.

Halafu tafuta mshale wa serikali. Ni alama ya mistari mitatu inayokutana juu, kama mguu wa kuku uliokanyaga udongo mbichi. Lakini usiruke kwa furaha ukiuona. Mshale huo uligongwa kwenye mali ya Serikali ya Uingereza ya kila aina, si baiskeli tu, na mtu mwenye tindo na nyundo anaweza kuugonga leo asubuhi pale Kamukunji. Angalia ndani ya mistari. Ikiwa rangi kuukuu imelala ndani ya mkato, ni dalili njema. Ikiwa mkato ni mweupe na kingo zake zinakwaruza kidole, mrudishie mwenyewe.

Alama ya BSA ni bunduki tatu zilizosimamishwa zikiegemeana, kwa sababu kampuni yenyewe, Birmingham Small Arms, ilianza mwaka 1861 ikitengeneza silaha. Gurudumu la meno la mbele mara nyingi limekatwa herufi B, S na A. Hapo wengi huridhika. Msiridhike! BSA iliuza biashara yake ya baiskeli kwa Raleigh, kampuni nyingine ya Uingereza, mwaka 1957, na jina likaendelea kubandikwa miaka mingi baadaye. Jina peke yake halitoshi.

Kinachosaidia zaidi ni uzi, yaani ile mikato ya kufungia kama ya skrubu. Hapa natamani ningekuonyesha kwa mkono. Vikombe vya goroli vinavyoshikilia ekseli ya pedali kwenye fremu ya BSA vina uzi 24 kwa inchi. Vya Raleigh vina uzi 26. Upana wao unakaribiana mno, kwa hiyo kikombe cha Raleigh kitaingia mzunguko mmoja, labda mmoja na nusu, halafu kitagoma. Fundi asiyejua ataongeza nguvu. Wa kwangu aliongeza, na nilimshikia fremu mwenyewe. Nilisikia mlio ule wa chuma kinachokata chuma, nikadhani ni kutu. Nunua kipimo cha uzi, kile kinachokunjuka kama kisu chenye majani mengi. Kiweke kwenye uzi, kiinue kwenye mwanga. Mwanga ukipenya kati ya meno, si chenyewe.

Kuhusu spoku, utaambiwa kwamba 32 mbele na 40 nyuma ni ushahidi wa Uingereza. Si ushahidi wa kitu. Blackmamba nyingi za Kihindi, zile baiskeli nyeusi nzito za mizigo, zimebeba hesabu ileile.

Na kama unaota ile BSA ya kukunja ya askari wa miavuli, yenye fremu ya mirija iliyopinda na nati mbili za mabawa, ile waliyoshuka nayo Wakanada Juno Beach, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, basi tambua kwamba baiskeli ya kawaida ya jeshi ilikuwa jambo jingine: nzito, imenyooka, breki za fimbo, bila gia. Ya babu ni hiyo. Usiilazimishe yako iwe ya picha.

Vijana wenzangu, tunapenda matokeo. Tunataka picha ya kabla na baada. Lakini ukiifuta rangi ya kwanza hakuna duka la Kirinyaga Road litakalokuuzia nyingine, na sizungumzi kama mwalimu, nazungumza kama mtu aliyelipa ili ifutwe.

Ile habu ya 1952 niliitoa kwa hasira, nikaitupa kwenye kartoni. Shangazi aliiona, akaniambia babu aliinunua mwenyewe alipoanza kupeleka maziwa, kwa sababu mlima ulikuwa ukimchosha. Nimeirudisha. Kadibodi mpya inasema: fremu ya jeshi, habu ya babu.

Yule kijana wa Umoja amenipigia tena jana usiku. Ameipindua baiskeli, amesugua kwa mafuta ya taa, na chini ya kasha la pedali ameona kitu kama mguu wa kuku. Nikamuuliza ndani ya mistari kuna nini. Akanyamaza kidogo, nikasikia akisogeza taa.

"Kuna rangi, kaka. Kama kahawia."

Nimemwambia asiguse kitu hadi Jumapili. Nitaenda na kipimo changu.