Kumshukuru Mungu Wakati Kazi Zimetuzidi

Nikizungumza na akina mama wenzangu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kuhusu sala, jibu ninalolisikia mara nyingi ni kwamba muda hakuna. Silibezi jibu hilo, kwa maana nami nauza unga, mafuta na sabuni sokoni Virunga, nina watoto wanaosoma, na kila Jumapili nafundisha watoto kanisani. Mtu anayeamka kabla hakujapambazuka, akashinda kwenye biashara, akarudi jioni kuwasha jiko la makala ili wanawe wale, hawezi kuambiwa atenge saa nzima ya kutafakari wema wa Mungu. Ushauri wangu ni huu: usitafute muda mpya wa kushukuru, bali ifunge shukrani yako kwenye kazi ambazo huwezi kuziacha hata ukitaka.

Luka 17 inatusaidia kuona shida ilipo. Wakoma kumi walipomlilia Yesu, aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, nao walitakasika wakiwa njiani. Mmoja tu, Msamaria, ndiye aliyerudi kushukuru. Tumezoea kuwahukumu wale tisa kama watu wenye roho mbaya, lakini tukumbuke kwamba walikuwa wanakwenda walikotumwa. Walikuwa na safari halali, na huenda kila mmoja alikuwa na mke na watoto wa kuwahi. Mimi nawaona kama sisi, watu wenye shughuli, na ndiyo sababu swali la Yesu, wako wapi wale tisa, linanisumbua kuliko kama wangekuwa wezi.

Danieli alikuwa na shughuli nyingi kutuzidi. Sura ya 6 ya kitabu chake inasema alikuwa mmoja wa wakuu watatu waliopokea hesabu kutoka kwa watawala 120 wa Mfalme Dario, na bado alipiga magoti mara tatu kila siku, akasali na kushukuru. Wahubiri wetu hukimbilia kwenye tundu la simba. Mimi hubaki kwenye mstari wa 10, unaosema alifanya hivyo kama alivyokuwa akifanya tangu hapo, hata alipojua kwamba marufuku imekwisha kutiwa sahihi. Hakuanza kutafuta saa za sala siku ya hatari, kwa kuwa alikuwa nazo tayari.

Saa yangu ya kwanza ni ya maji. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano, kuchimba kisima ni kazi ngumu, na mitaa mingi hutegemea maji ya ziwa yanayopandishwa kwa bidoni. Kijana anayetuletea bidoni za lita 20 kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, anapozitua mlangoni, kabla sijamlipa, namshukuru Mungu kwa maji hayo na kwa mikono iliyoyasukuma kutoka ziwani, tena kwa sauti ambayo kijana mwenyewe anaisikia. Huitikia, “Amina, mama,” kisha anahesabu franka zake kwa makini ileile ya kila siku. Saa nyingine ni ninapofungua kufuli la kibanda, na ya mwisho ni wakati wa chakula cha jioni. Hakuna hata moja inayonichelewesha.

Lakini saa peke yake haitoshi, kwa sababu mdomo huzoea. Darasani kwangu kanisani kuna mtoto aliyesikia watu wazima wakisali “asante kwa yote”, akaniuliza, “Mama, yote ni nini?” Tangu siku hiyo, sala ya shukrani ya darasa letu haikubali neno hilo. Kila mtoto ataje kitu kimoja anachoweza kukionyesha kwa kidole au kukieleza: samaki wadogo wa sambaza aliokula jana, kiatu kilichoshonwa, kaka aliyepona malaria. Zaburi 136 inafanya vivyo hivyo. Katika mistari yake 26 inataja jua, mwezi, Bahari ya Shamu, hata Sihoni na Ogu kwa majina yao, na baada ya kila tendo inarudia kwamba fadhili za Mungu ni za milele. Wakatoliki wanaofuata mafundisho ya Ignasi wa Loyola nao huanza kujichunguza kwao kwa kushukuru kwa mema waliyoyapokea, ndipo waje kwenye dhambi. Mimi ni Mprotestanti, lakini mpangilio huo nimeuchukua bila aibu, kwa kuwa jioni mtu aliyechoka huona makosa yake kwanza.

Kuna shukrani nyingine ambazo ningependa tuziache. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava ilisimama upande wa Buhene, pembezoni mwa mji. Baadaye nilisikia ushuhuda wa watu waliosema nyumba zao zilibaki kwa sababu Mungu anawapenda, na kwenye benchi hilohilo alikuwa ameketi mtu ambaye nyumba yake iliungua. Yeye aelewe nini? Mlipuko wa tarehe 17 Januari 2002 uliteketeza hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, kwa hiyo lava haiwezi kuwa kipimo cha nani anapendwa. Ikiwa paa lako limebaki, shukuru kwa paa, usishukuru kwa kutofautiana na jirani, na ukiweza umkaribishe chini ya paa hilo kabla hujapanda madhabahuni kutoa ushuhuda.

Vipi basi kwa yule ambaye hana la kutaja? Tangu mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini na benki zikafunga milango, wako wafanyabiashara wengi walioshindwa hata kuigusa akiba yao. Sipendi kumwona mtu wa namna hiyo akilazimishwa kuimba. Zaburi 13 ina mistari sita tu, nayo inamuuliza Mungu “hata lini” mara nne kabla ya kufika kwenye wimbo. Rafiki yangu aliyepoteza bidhaa zake zote aliniomba nimsomee zaburi hiyo, na tulipofika mstari wa nne akasema inatosha kwa leo. Nilifunga Biblia, tukanywa chai. Mistari miwili iliyobaki tuliisoma siku nyingine, yeye mwenyewe alipoitaka.

Mwisho, fadhili nyingi za Mungu hutufikia kwa mikono ya watu, na watu hao wanastahili kusikia neno letu. Sadaka ya shukrani kanisani ni jambo jema, ingawa siku hizi baadhi yetu tumeigeuza mashindano ya vitenge, huku aliyetukopesha akiendelea kusubiri. Kwa upande wangu, mwenye stoo hunipa magunia ya unga kabla sijauza. Siku tuliyoahidiana namlipa kwanza yeye, namwambia asante mbele ya wateja wake, na kinachobaki ndicho ninachokifunga kwenye bahasha ya Jumapili.