Kabla Hujawaita Vijana Ukumbini: Kuandaa Mafunzo ya Kuzuia Unyanyasaji Katika Vikundi vya Sanaa

Ukipewa kazi ya kuandaa mafunzo ya kuzuia unyanyasaji kwa kikundi cha vijana, kiwe cha kwaya, ngoma, maigizo, sarakasi au bendi, ombi huwa lilelile: njoo siku moja, zungumza na vijana saa mbili, wape vyeti, tupige picha ya pamoja. Nakuomba usiitikie haraka. Muulize kwanza kiongozi wa kikundi: mtoto akitoka kwenye semina leo jioni na kusema kuna mtu anamsumbua, atamwambia nani, na huyo aliyeambiwa atafanya nini kesho asubuhi? Kama jibu ni kimya, au ni "ataniambia mimi, hapa sisi ni familia moja", semina bado. Kijana aliyefundishwa kusema, akasema, kisha akakosa wa kumsikiliza, anaumia mara ya pili. Safari hii na wewe unakuwa na mkono wako humo.

Msimamo wangu katika kazi hii ni huu: vijana waje mwisho. Sehemu kubwa ya mafunzo ni ya watu wazima: mwalimu wa ngoma, mwongozaji, mshona maleba, dereva, mlezi wa safari, wazazi wanaojitolea, na wale wanachama wa zamani wanaorudi kusaidia mazoezi. Hao ndio wenye funguo za vyumba, orodha za wahusika na nauli za kurudi nyumbani. Mtoto wa miaka kumi na mitatu hana hata kimoja kati ya hivyo.

Si maoni yangu peke yangu. Mwaka 2016 jopo la Tume ya Fursa Sawa za Ajira ya Marekani lilichapisha ripoti iliyokiri kwamba mafunzo mengi ya miaka 30 iliyotangulia hayakufanya kazi kama kinga, kwa sababu yalilenga mno kumkinga mwajiri asishtakiwe. Mwaka 2019 wanasosholojia Frank Dobbin na Alexandra Kalev walichapisha utafiti juu ya kampuni 805 za Marekani kwa kipindi cha miaka 32. Walichopima ni kama wanawake wanaongezeka au wanapungua katika ngazi ya mameneja baada ya programu ya kuzuia unyanyasaji wa kingono kuanzishwa. Mafunzo ya mameneja, yaliyowafundisha kutambua dalili mapema na kuingilia kati, yalifuatiwa na ongezeko. Mafunzo ya wafanyakazi wote, yaliyowasomea orodha ya makatazo na kuwafanya wanaume waliohudhuria wajione washukiwa, yalifuatiwa na upungufu. Hata taratibu rasmi za malalamiko zilifuatiwa na upungufu, maana mara nyingi mlalamikaji huishia kulipiziwa kisasi.

Zile ni kampuni za watu wazima, na kikundi cha sanaa kina mambo yake. Hata hivyo nayachukua matokeo hayo kwa uzito kwa sababu yanalingana na kile ninachokiona kwenye kumbi za mazoezi. Mwalimu anayeketi mbele ya slaidi zinazomwonesha kama mhalifu hufunga masikio. Mwalimu yuleyule ukimwambia, "Wewe ndiye uliye karibu nao kuliko mtu mwingine yeyote, nakuonesha dalili za kuangalia na la kufanya ukiziona," huchukua kalamu na kuandika.

Sasa turudi kwenye njia ya malalamiko, maana hapa ndipo wageni wengi wa kazi hii hupita mbiombio. Wapokeaji wawe angalau wawili, mwanamke na mwanamume, na mmoja wao awe nje ya kikundi kabisa: asilipwe na mwanzilishi, asiwe ndugu yake, asimtegemee kwa lolote. Vikundi vingi vya sanaa vina mtu mmoja aliyevianzisha. Ala ni zake, ukumbi umekodiwa kwa jina lake, mialiko inapitia simu yake. Malalamiko yakimhusu yeye, au mtu wake wa karibu, njia yote ya ndani inakufa siku hiyohiyo. Kwa hiyo andikeni mapema nani atapokea lalamiko linalomgusa kiongozi mkuu. Kiongozi akikataa kuandika kipengele hicho, umeshajua jambo muhimu kuhusu kikundi chake.

Andikeni pia hatua za siku ya kwanza. Anayelalamikiwa akae pembeni, asikutane na vijana mpaka suala lishughulikiwe, bila kutangazwa kuwa ana hatia. Aliyelalamika asiondolewe kwenye uhusika wake, asipangwe mstari wa nyuma, asiachwe kwenye safari "kwa usalama wake". Hicho ndicho kisasi cha kwanza katika sanaa, na kwa kawaida hufanywa kwa sauti ya upole. Kama aliyeumizwa ni mtoto, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kwa jumla unamhesabu mtoto kuwa kila aliye chini ya miaka 18, kikundi hakina kazi ya kuchunguza. Taarifa iende kwa polisi au ustawi wa jamii kama sheria ya mahali inavyotaka. Vikao vya wazee wa kikundi vya kumhoji mtoto mara tatu nne, tena mbele ya anayetuhumiwa, huharibu ushahidi na kumvunja mtoto.

Wapokeaji wenyewe wafundishwe kupokea. Sikiliza. Mshukuru kwa kusema. Usimwahidi kwamba itabaki siri, mwambie wazi ni nani atakayelazimika kujua na kwa nini. Usimwulize maswali yanayompa jibu, kama "Alikushika hapa, sivyo?" Akiondoka, andika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe. Zoezi hili lifanyeni wawiliwawili, tena na tena, kwa sababu mtu mwema asiyezoea hukimbilia kusema "una uhakika?", na neno hilo hufunga mlango.

Kuna viongozi watakaokwambia kwamba haya ni ya maofisini, wao wana watu wanaojitolea tu. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, unawataja wazi wanaojitolea na walio mafunzoni, na unasema tendo linaweza kuwa unyanyasaji hata likitokea mara moja. Visome nao vifungu hivyo, kisha uendelee na kazi. Usitumie nusu siku kwenye sheria.

Kabla hujaandika hata ukurasa mmoja wa somo la vijana, waombe wakuchoree siku ya onyesho. Kila mmoja achukue karatasi, achore kuanzia anapotoka nyumbani mpaka anaporudi: basi, kubadili nguo, kupakwa rangi, kusubiri nyuma ya jukwaa, onyesho, kupiga picha na wageni, chakula, kulala kama ni safari, kurudi. Kisha aweke alama mahali ambapo hajisikii salama. Wasiandike majina. Wadogo wafanye peke yao, wasichana peke yao na wavulana peke yao. Kifungu cha 12 cha mkataba ule wa 1989 kinampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na sijui njia nyepesi kuliko hii ya kuitimiza.

Alama hizo zitakushangaza. Mara chache huwa jukwaani. Huwa kwenye chumba kimoja cha kubadilishia nguo kinachotumiwa na wenye miaka kumi na miwili na wenye miaka ishirini na miwili. Huwa kwenye kiti cha nyuma cha basi. Huwa kwenye dakika zile baada ya onyesho ambapo mfadhili anataka "kumpongeza" msichana fulani na hakuna mtu mzima anayejua yuko wapi. Mnamo Novemba 2011 kijana mmoja wa bendi ya Marching 100 ya Chuo Kikuu cha Florida A&M alifariki baada ya kupigwa na wenzake ndani ya basi, katika desturi ya kuwapitisha wanachama kwenye mateso ili waheshimiwe. Bendi ilisimamishwa na kurudi mwaka 2013. Somo linalozungumzia mwalimu na mwanafunzi tu lisingeligusa basi lile. Kwa hiyo weka humo ukatili wa wakubwa kwa wadogo, na lile fundisho linalosikika katika vikundi vingi kwamba msanii wa kweli ni mvumilivu. Lazima litajwe kwa jina lake mbele ya walimu wanaolirithisha.

Mguso unahitaji muda wake mwenyewe, kwa sababu sanaa ya jukwaani haifanyiki bila mwili. Mwalimu wa densi anarekebisha kiuno, mwalimu wa sauti anaonesha mbavu zinavyopanuka, mwanasarakasi anamshika mwenzake pajani ili asianguke. Ukija na amri ya "msigusane" watakucheka, na watakuwa na haki. Fundisha utaratibu: sema unataka kugusa wapi na kwa nini, uliza, subiri jibu, gusa, toa mkono. Na daima iwepo njia nyingine, kwa mfano mwalimu kuonesha kwa mwili wake mwenyewe. Wafanye mazoezi ya kuuliza hadi maneno yawe mepesi mdomoni: "Naomba niguse bega lako la kushoto, lishuke kidogo. Ni sawa?" Halafu fanya zoezi ambalo wengi huliruka, la kupokea "hapana" bila kununa, bila utani, na bila kulikumbuka siku ya kugawa uhusika.

Matukio ya mapenzi au ukatili katika maigizo yapangwe hatua kwa hatua kama densi: mkono unakwenda wapi, kwa hesabu ya ngapi, unatoka lini. Yasibadilishwe jukwaani kwa "kuhisi". Kwa walio chini ya miaka 18 mzazi ajue mapema, na swali la kwanza liwe kama tukio hilo linahitajika kweli. Katika filamu na televisheni kazi hii siku hizi ina wataalamu wake. Kituo cha televisheni cha Marekani, HBO, kilianza kuwatumia mwaka 2018, na chama cha waigizaji cha Marekani, SAG-AFTRA, kilitoa miongozo yake mwaka 2020. Kikundi cha vijana hakihitaji kuajiri mtaalamu ili kufuata kanuni ile.

Sasa vijana. Kwa kuwa ni wasanii, watataka kuigiza, na igizo dhima ni chombo kizuri mno kuachwa. Lakini usimpe kijana yeyote nafasi ya anayeumizwa, wala ya anayeumiza. Humjui ni nani kati yao amepitia jambo hilo kwa kweli, na mwigizaji mzuri huingia mzimamzima. Mimi naanzisha tukio pale shahidi anapoingia: amefungua mlango, ameona sura ya mwenzake, mkubwa anasema "tunafanya mazoezi tu". Sasa afanye nini? Mbrazili Augusto Boal alitengeneza mtindo wa maigizo ambapo mtazamaji husimamisha igizo, akapanda na kujaribu njia nyingine. Utumie mtindo huo kwa shahidi. Mmoja ataingia na kusema "Mwalimu, unaitwa nje". Mwingine atakaa chini tu asiondoke. Mwingine atakwenda kumwita mlezi. Usitafute jibu moja sahihi. Kijana anayeogopa kumkabili mkubwa ana haki ya kujua kwamba kuvuruga kimyakimya nako ni msaada, na vilevile kumfuata mwenzake baadaye na kumwambia "niliona".

Kwa wadogo kabisa acha istilahi. Wafundishe tofauti ya siri na mshangao. Zawadi ya siku ya kuzaliwa ya mama ni mshangao, maana siku ikifika kila mtu ataijua. Siri ambayo mtu mzima anakuomba usimwambie mzazi milele ni ya kusemwa leo. Watu wazima nao waelezwe jinsi mtoto anavyorubuniwa, kwa mpangilio wake: sifa za pekee, zawadi ndogo, masomo ya ziada ya wawili tu, ujumbe wa simu usiku, kisha kanuni ndogo inavunjwa pamoja ili mtoto ajione mshirika. Ukishaujua mpangilio, kanuni zinajieleza zenyewe: hakuna ujumbe wa faragha kati ya mtu mzima na mtoto, hakuna somo la wawili kwenye chumba kisichoonekana kutoka nje, na kwenye safari hakuna mtu mzima anayelala chumba kimoja na mtoto asiye wake.

Kuhusu muda, vipindi vifupi vinavyorudi ni bora kuliko siku nzima moja: mwanzo wa msimu, kabla ya safari, kabla ya onyesho lenye matukio mazito. Usikubali kupewa nusu saa ya mwisho baada ya mazoezi ya usiku, kila mtu akiwa amechoka na anawaza usafiri. Na anayejiunga katikati ya msimu asipande basi la kikundi kabla hajaoneshwa wapokeaji kwa sura.

Fomu za kuuliza kama semina iliwafurahisha hazikuambii kitu. Rudi baada ya wiki kadhaa. Mwulize mtoto yeyote unayekutana naye majina ya wapokeaji wawili. Piga namba iliyobandikwa ukutani uone kama inapokelewa. Kaa kwenye mazoezi ya wiki ya mwisho kabla ya onyesho, walimu wakiwa na haraka na hasira, usikilize kama bado wanauliza kabla ya kugusa.

Na jambo moja mwambie kiongozi siku ya kwanza kabisa, tena kwa maandishi: mafunzo yakifanya kazi, huenda taarifa zikaongezeka, zikiwemo za mambo ya zamani. Atashtuka, wafadhili wataulizia, na mtu atapendekeza mafunzo yasitishwe kwa kuwa "yameleta maneno". Kubalianeni mapema nani atawajibu wafadhili, kwa maneno gani, na kwamba vipindi vilivyopangwa havitafutwa katika miezi hiyo.